Makamanda wa Goma: nani huwateua, nani huwatii, na nini hutokea wanapoondoka

Katikati ya mwaka 2023, mtu aliyefika Goma, mashariki mwa Kongo, akiuliza njia ya kwenda kwa jenerali angejibiwa kwa swali: jenerali yupi? Gavana wa Kivu Kaskazini alikuwa Luteni Jenerali Constant Ndima, kwa sababu jimbo lilikuwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Jeshi la Kongo, FARDC, lilikuwa na kamanda wa eneo la 34 la kijeshi, na pembeni yake makamanda wa operesheni. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, kilikuwa na kamanda wake Mbrazili. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, EACRF, kilikuwa na kamanda Mkenya aliyekuwa ndiyo kwanza amepokea kijiti. Wote walikuwa katika mji mmoja kando ya Ziwa Kivu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na uwezo wa kumwamuru kila askari aliyekuwa na bunduki ndani ya mji huo.

Habari za makamanda hawa zilipotangazwa redioni, vyeo vilitajwa haraka na msikilizaji akabaki na picha ya ngazi moja iliyonyooka, mkubwa juu na wadogo chini. Makao makuu ya kijeshi ya kikanda hayakujengwa hivyo. Ukitaka kuelewa kwa nini kamanda mmoja ameondoka kimya na mwingine kwa kishindo, inabidi uanze na karatasi zilizompa kazi.

Kwanza tutenganishe cheo na wadhifa. Cheo ni cha mtu: Meja Jenerali huenda nacho nyumbani, hulala nacho, hustaafu nacho. Wadhifa ni wa kiti: Kamanda wa Kikosi, Naibu Kamanda, Mnadhimu Mkuu, kamanda wa sekta. Mtu hupandishwa cheo na jeshi la nchi yake peke yake. Umoja wa Mataifa hauwezi kumpandisha mtu cheo, wala EAC, yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki, wala SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Kinachofanyika ni jumuiya kusema kiti hiki kinahitaji mtu wa cheo fulani, na nchi ikaleta mwenye cheo hicho, au ikampandisha wake siku chache kabla hajapanda ndege ili apate kutosha.

Cheo kinachotakiwa hutegemea ukubwa wa kikosi. Brigedi, ambayo kwa kawaida ni askari 3,000 hadi 5,000, huongozwa na Brigedia au Brigedia Jenerali. Divisheni huongozwa na Meja Jenerali. Juu ya hapo ni Luteni Jenerali. Ndiyo maana Brigedi ya Kuingilia Kati ya mwaka 2013, FIB, iliyokuwa ndani ya MONUSCO na kuidhinishwa kuwa na watu 3,069, ilipewa Brigedia Jenerali, huku MONUSCO nzima, iliyokuwa na kibali cha wanajeshi 19,815, ikiwa chini ya Luteni Jenerali. EACRF ilikuwa katikati, ikapewa Meja Jenerali.

Majina ya vyeo nayo hayafanani, na hapa ndipo magazeti hujikwaa. Kenya humwita afisa wa ngazi ya kwanza juu ya Kanali "Brigedia", na kwa desturi ya Kiingereza waliyorithi huyo bado hahesabiwi kuwa jenerali. Tanzania ngazi hiyohiyo ni "Brigedia Jenerali". Kongo na Burundi, kwa urithi wa Kibelgiji, wana jenerali wa brigedi, kisha jenerali-meja, kisha luteni-jenerali. Ufaransa, ambayo imewahi kutoa manaibu kamanda wa MONUSCO, haina "meja jenerali" kama cheo cha kawaida: ina jenerali wa brigedi, wa divisheni, wa kori, halafu wa jeshi. Jenerali wa divisheni wa Kifaransa akifika Goma huandikwa Meja Jenerali kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa. Hajashushwa wala kupandishwa. Mwandishi asiyejua hilo huishia kutangaza kupanda cheo ambako hakujatokea.

Mkanganyiko mkubwa zaidi upo kwenye neno "kamanda" lenyewe, kwa kuwa ndani yake kuna mamlaka za aina tatu zinazokaa mikononi mwa watu tofauti.

Ya kwanza ni amri kamili. Hii ni ya nchi peke yake. Mkuu wa Majeshi wa Kenya, Tanzania au Burundi haitoi kwa mtu yeyote. Ndani ya amri kamili kuna kuajiri, kufukuza, kupandisha cheo, kumfikisha askari mahakama ya kijeshi, na uamuzi wa kumrudisha nyumbani.

Ya pili ni mamlaka ya kioperesheni. Hii ndiyo nchi humkopesha kamanda wa kikosi cha kimataifa. Kwa mamlaka hayo kamanda anaweza kuipa batalioni kazi, kuihamisha kutoka Sake kwenda Kibumba, kuipangia doria na kuiwekea muda. Mipaka yake ni mitatu: majukumu yaliyoandikwa, muda ulioandikwa, na eneo lililoandikwa. Nje ya hapo hana neno. Hawezi kuivunja batalioni ya nchi vipandevipande agawe kombania kwa wengine bila nchi hiyo kukubali, na hawezi kumwadhibu askari aliyelewa lindoni. Atakachoweza ni kuandika barua.

Ya tatu ni ya utawala: mishahara, likizo, nidhamu, chakula cha aina gani, barua za nyumbani. Hii hubaki kwa afisa mkuu wa kila nchi aliyepo uwanjani. Huyu ndiye mtu ambaye habari humsahau, kumbe mara nyingi ndiye mwenye uzito. Askari anamwona kila siku, anazungumza lugha yake, na ndiye mwenye simu ya moja kwa moja hadi makao makuu ya nchi yao. Kamanda wa kikosi anapotoa amri ngumu, mathalani kwenda kukaa katikati ya pande mbili zinazorushiana makombora, afisa huyo anaweza kusema: subiri kidogo niulize nyumbani. Jibu likichelewa saa sita, amri imekufa bila mtu yeyote kukataa. Wanajeshi waliotumikia vikosi vya namna hii huiona simu hiyo kuwa tatizo kubwa kuliko uhaba wa magari, na ni vigumu kubishana nao.

Uganda ilitoa mfano mzuri wa jinsi karatasi inavyopita sare. Kuanzia 30 Novemba 2021 majeshi ya Uganda yalikuwa Beni na Ituri katika Operesheni Shujaa, kwa makubaliano ya nchi mbili na Kinshasa, dhidi ya waasi wa ADF. Mwishoni mwa Machi 2023 kikosi kingine cha Uganda kikaingia Bunagana, mji wa mpakani, safari hii chini ya EACRF. Jeshi ni lilelile, sare ni ileile na bendera ni ileile begani. Kamanda wa EACRF pale Goma alikuwa na mamlaka ya kioperesheni kwa wale wa Bunagana na Rutshuru, na hakuwa na lolote kwa wale wa Beni.

Ndani ya makao makuu, chini ya kamanda na naibu, kuna Mnadhimu Mkuu na idara zake. Kamanda huamua, ila Mnadhimu Mkuu ndiye huhakikisha uamuzi umegeuka kuwa maandishi, maandishi yamegeuka kuwa mafuta na malori, na malori yameondoka. Idara hupewa herufi na namba. Herufi ni G kwa jeshi la nchi kavu, J kwa makao makuu ya pamoja, na U kwa Umoja wa Mataifa. Namba 1 ni watumishi, 2 ni taarifa za kiintelijensia, 3 ni operesheni zinazoendelea, 4 ni ugavi, 5 ni mipango, 6 ni mawasiliano, 7 mafunzo, 8 uhandisi, 9 uhusiano na raia. Kwa hiyo ukisikia Kanali fulani ni "U3", ujue ndiye anayeendesha vita vya leo, na "U5" ndiye anayefikiria vita vya mwezi ujao. Nchi zinazoshiriki hugombania nafasi hizi kuliko unavyodhani. Nafasi ya 2 hutakiwa na kila mtu kwa kuwa ndiyo inayoona taarifa zote. Nafasi ya 8 hupatikana kirahisi.

Sasa tuje kwenye EACRF, ambayo kwa maoni yetu ndiyo somo kamili la kubadilisha kamanda katika eneo letu, kwa sababu karibu kila kinachoweza kukwama kilikwama.

Kikosi kilikubaliwa na marais wa EAC jijini Nairobi mwezi Juni 2022. Mkataba wa hadhi ya majeshi, yaani ile karatasi inayosema askari wa kigeni wana haki gani kwenye ardhi ya mwenyeji, ulitiwa saini Kinshasa tarehe 8 Septemba 2022 na Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Christophe Lutundula, pamoja na Katibu Mkuu wa EAC, Peter Mathuki, mbele ya Rais Félix Tshisekedi. Tarehe hiyo ya 8 iwekeni akilini, kwa sababu kila nyongeza ya muda iliyofuata ilihesabiwa kutoka hapo. Burundi, Kenya, Sudan Kusini na Uganda zikaleta askari. Rwanda haikuwamo kwa sababu Kinshasa haikuitaka. Tanzania haikupeleka askari kupitia mlango huu. Wakenya walianza kutua Goma tarehe 12 Novemba 2022, na kila nchi ilijigharamia wanajeshi wake.

Kenya ilikuwa nchi kiongozi, na kiti cha kamanda kikawa chake. Aliyekikalia ni Meja Jenerali Jeff Nyagah. Naibu wake alitoka Kongo. Mpangilio huo ulionekana wa busara kwenye karatasi: mwenyeji anapata sikio ndani ya makao makuu. Tatizo lake lilijificha. Kikosi kilitakiwa kusimamia waasi wa M23 waondoke kwenye maeneo waliyoyateka, jambo lililohitaji kuzungumza na M23, na naibu wa kamanda alikuwa afisa wa jeshi lililokuwa vitani na M23 hao.

Tarehe 23 Desemba 2022 M23 walikabidhi Kibumba, na mwanzoni mwa Januari 2023 wakafuatia na kambi ya Rumangabo. Kamanda alikuwepo kwenye makabidhiano, akapigwa picha akiwa na makamanda wa waasi. Kwa mwanajeshi hiyo ni kazi ya kawaida: huwezi kupokea kambi bila kukutana na anayeikabidhi. Kwa mkazi wa Goma aliyekimbia nyumba yake, picha ilisema kitu kingine. Kinshasa ilitaka kikosi kipigane, ilhali kamanda aliyasoma majukumu yake kuwa ni kusimama kati, kuthibitisha, na kutumia nguvu mwishoni kabisa. Katika mkutano wa wakuu wa nchi Bujumbura, tarehe 4 Februari 2023, Rais Tshisekedi alinaswa na kamera akimwonya Nyagah ana kwa ana asiwapendelee M23. Wiki hiyohiyo maandamano dhidi ya kikosi yakazuka Goma.

Mwishoni mwa Aprili barua ikavuja. Nyagah alimwandikia Katibu Mkuu wa EAC akisema anaondoka kwa sababu usalama wake umetishiwa na kuna mpango wa makusudi wa kuikwamisha kazi ya kikosi. Alitaja kufuatiliwa makazi yake na watu wa kampuni binafsi za kijeshi, pamoja na vifaa vya kunasa sauti na droni. Nairobi kwa upande wake ikaeleza kwamba amepangiwa kazi nyingine nyumbani, na ikamtaja Meja Jenerali Alphaxard Kiugu kuchukua nafasi yake. Wengi waliuliza ipi ni kweli, kujiuzulu au kuhamishwa. Kisheria zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Nyagah alikuwa na mabwana wawili: EAC iliyompa wadhifa, na KDF, yaani jeshi la Kenya, iliyompa cheo. Barua kwa Mathuki iliuachia wadhifa. Kuhusu cheo na kituo kinachofuata, aliyekuwa na amri kamili ni jeshi lake, na jeshi linaposema "amepangiwa kazi" linatumia haki ambayo halikuwahi kuiazima kwa yeyote.

Kinshasa ililalamika kwamba mrithi ametajwa na upande mmoja bila kushauriana nayo. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ikiwa kamanda anateuliwa na jumuiya, basi jumuiya ndiyo ya kumteua mwingine, na Kongo ni mwanachama. Hoja ya Kenya nayo ilikuwa na miguu: kiti ni cha nchi kiongozi, si cha mtu, na nchi kiongozi hubadilisha afisa wake kama inavyobadilisha zamu. Lawama ziende kwa walioandika karatasi za mwanzo bila kumaliza swali moja dogo: kamanda akiondoka kabla ya muda, nani anataja mwingine, na ndani ya siku ngapi? Katika vikosi vingi naibu hukaimu hadi mrithi afike. Hapa, naibu kukaimu kungefanya kikosi cha kusimama kati kiongozwe na afisa wa upande mmoja wa vita. Hilo peke yake linaeleza kwa nini Nairobi haikukawia.

Kiugu aliingia Goma mwezi Mei. Muda wa kikosi ukaongezwa hadi 8 Septemba 2023, kisha hadi 8 Desemba, na baada ya hapo Kongo haikukubali tena. Wakenya wakaanza kuondoka tarehe 3 Desemba, na kabla ya mwezi kwisha kikosi chote kilikuwa kimeondoka. Kamanda mpya hakuweza kurekebisha kilichomtoa wa kwanza, kwa sababu mgogoro ulikuwa juu ya majukumu, na majukumu hayaandikwi na kamanda.

Linganisheni na FIB miaka kumi nyuma. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, tarehe 28 Machi 2013, lilitaja kila kitu: batalioni tatu za miguu, kikosi cha mizinga, kombania moja ya makomando na upelelezi, makao makuu Goma, na amri ya moja kwa moja ya Kamanda wa Kikosi cha MONUSCO. Askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wa kwanza wa brigedi alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ, jeshi la Tanzania, na juu yake Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazil. SADC ilikuwa na ushawishi mkubwa katika kuzaliwa kwa brigedi hiyo, ila azimio lilipoandikwa hivyo hapakubaki nafasi ya kusema brigedi ina bwana mwingine uwanjani. Na neno la kushambulia, peke yao au na FARDC, lilikuwemo ndani ya maandishi. Tarehe 5 Novemba 2013 M23 wa wakati ule walitangaza kuacha vita. Sababu zilikuwa nyingi, mizinga na siasa zote zikiwemo, lakini njia ya amri iliyo fupi na iliyoandikwa ilisaidia.

Umoja wa Mataifa nao umewahi kubaki na kiti kitupu kwenye wakati mbaya. Mwaka 2008, majeshi ya kiongozi wa waasi Laurent Nkunda yakiukaribia mji wa Goma, Kamanda wa Kikosi cha MONUC, misheni iliyotangulia MONUSCO, Luteni Jenerali Vicente Díaz de Villegas wa Hispania, alijiuzulu baada ya wiki chache tu kazini. Kilichookoa hali ni kwamba chini yake kulikuwa na ngazi nyingine nzima: brigedi ya Kivu Kaskazini ilikuwa na kamanda wake papo hapo Goma, Brigedia Bipin Rawat wa India, yule aliyekuja kuwa Mkuu wa kwanza wa Majeshi ya Ulinzi ya India. Na kwa kiti cha juu, Umoja wa Mataifa ulimrudisha Luteni Jenerali Babacar Gaye wa Senegal, aliyekuwa amekishika kabla. Hakuhitaji kufundishwa barabara ya kwenda Rutshuru.

Utaratibu wa kawaida wa Umoja wa Mataifa ni mrefu kuliko huo. Nchi zinazochangia askari huombwa kupendekeza majina, waliopendekezwa husailiwa, Katibu Mkuu huteua na kuliarifu Baraza la Usalama. Kamanda wa Kikosi haripoti moja kwa moja New York: juu yake pale pale kwenye misheni kuna Mwakilishi Maalumu wa Katibu Mkuu, ambaye ni raia, na huyo ndiye mkuu wa misheni. Muda wa kamanda kwa kawaida huwa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, na wengi hukaa kama miaka miwili. Huo ni muda mfupi kwa Kivu, ambako kundi moja la wapiganaji linaweza kubadilisha washirika mara mbili kabla kamanda hajamaliza kujifunza majina.

Kubadilishana kamandi kwenyewe, pale mambo yanapokwenda sawa, huanza muda mrefu kabla ya gwaride. Kamanda anayeondoka huandika taarifa ya makabidhiano. Taarifa nzuri haianzi na mafanikio. Huanza na mambo yaliyoachwa wazi: operesheni zilizoahirishwa, ahadi zilizotolewa kwa viongozi wa vijiji na makundi, magari mabovu ambayo ripoti inasema ni mazima, na maafisa wa nchi gani hupiga simu nyumbani kabla ya kutekeleza. Mambo ya aina hii mengi hayaandikwi hata hivyo, kwa kuwa yanaumiza watu, na ndiyo maana siku za kukaa pamoja ni za lazima. Wawili hao huzunguka sekta zote wakiwa gari moja au helikopta moja. Anayeingia husikiliza na hatoi amri. Pakitolewa amri na watu wawili ndani ya siku hizo, batalioni huchagua iliyo nyepesi.

Kisha kuna hesabu. Silaha na risasi huhesabiwa na kila batalioni na kuwekewa saini na kamanda wake mwenyewe, kwa sababu ni mali ya nchi yake. Makao makuu ya kikosi hukabidhi vilivyo vyake: ramani, redio, mitambo ya mawasiliano ya siri na funguo zake, magari, jenereta, majengo ya kupanga na mikataba yake. Katika misheni za Umoja wa Mataifa vifaa vya nchi hukaguliwa vinapofika, hukaguliwa tena kila robo mwaka, na hukaguliwa vinapoondoka, kwa kuwa nchi hulipwa kwa kifaa kinachofanya kazi. Lori lililokufa halilipiwi. Vikosi ambavyo kila nchi inajigharamia, kama EACRF, havina fimbo hiyo, na hesabu yake huwa ya kuaminiana.

Halafu huja saa. Amri ya kushika kamandi hutaja dakika kamili, na ujumbe hutumwa kwa vikosi vyote: kuanzia dakika hii, fulani ndiye kamanda. Jambo hili si la mapambo. Risasi ikifyatuliwa nusu saa kabla au baada, mahakama itauliza nani alikuwa na amri. Goma ipo saa moja nyuma ya Nairobi, hivyo amri iliyoandikwa Nairobi bila kutaja saa za wapi imeacha pengo la dakika 60. Na mkiachia Kiswahili cha mdomo peke yake, pengo hukua: "saa kumi" ya Mkenya na Mtanzania ni alasiri, ya wengi Kongo wanaohesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa ni asubuhi. Tarakimu nne za kijeshi, 1000 au 1600, zinamaliza ubishi.

Gwaride la kupokezana bendera huja mwisho, na ndilo wapiga picha huliona. Bendera hutoka kwa anayeondoka, hupita kwa mkubwa aliyesimama katikati, hufika kwa anayeingia. Mtazameni yule wa katikati. Akiwa Katibu Mkuu wa jumuiya au mwakilishi wake, kiti ni cha jumuiya. Akiwa Mkuu wa Majeshi wa nchi moja, mmeshajua kiti ni cha nani.

Uteuzi wa ndani ya nchi huonekana wa haraka kwa sababu anayetoa cheo na anayetoa wadhifa ni mmoja. Mwishoni mwa Juni 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alimpandisha Jacob Mkunda kuwa Jenerali na kumteua Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi akichukua nafasi ya Jenerali Venance Mabeyo, na kwa pamoja akamteua Mnadhimu Mkuu mpya, Salum Haji Othman. Cheo, wadhifa na kiapo vilikwenda pamoja. Kongo hufanya vivyo hivyo kwa magavana wake wa kijeshi: baada ya mauaji ya waandamanaji Goma tarehe 30 Agosti 2023, Ndima aliitwa Kinshasa na Peter Cirimwami akakaimu ugavana. Cirimwami alikufa kwa majeraha ya mstari wa mbele karibu na Sake mwezi Januari 2025. Alipotajwa mrithi wake siku chache baadaye, Goma ilikuwa tayari mikononi mwa M23, na gavana mpya akaweka ofisi Beni.

Siku hizohizo zilikutana na kikosi cha SADC, SAMIDRC, chenye askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, kilichoingia tarehe 15 Desemba 2023 wakati EACRF ikimalizia kufunga mizigo. Kamanda wake alikuwa Meja Jenerali Monwabisi Dyakopu wa Afrika Kusini, kwa kanuni ileile ya nchi kiongozi. Hakukuwa na makabidhiano ya maana kati ya vikosi viwili, kwani jumuiya ni mbili tofauti na hakuna karatasi iliyowalazimu kukaa meza moja. Ramani za EACRF za nani yupo kilima gani ziliondoka na EACRF. Mji ulipoanguka tarehe 27 Januari 2025, askari wa SAMIDRC walijikuta wamezingirwa kambini. Wakuu wa nchi za SADC walimaliza muda wa misheni tarehe 13 Machi, na kuanzia 29 Aprili misafara ikaanza kutoka kwa barabara kupitia Rwanda hadi Chato, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kufunga makao makuu bila mrithi kuna kanuni zake pia: mitambo ya siri huharibiwa kwanza, kisha karatasi, kisha risasi zisizobebeka, na kila kilichoharibiwa huandikwa na kusainiwa na watu wawili ili nchi isije ikadaiwa silaha iliyoyeyushwa.